Kardinali Newman na Elimu ya Juu

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotangazwa, jamaa nyingi za Kikatoliki katika nchi yetu huingiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa mtoto amefika mahali ambapo wazazi hawakufika. Ada imetafutwa kwa jasho, pengine ng'ombe ameuzwa au kipande cha shamba kimekwenda. Hofu, kwa kuwa wazazi wamekwisha kuwaona vijana waliotoka nyumbani wakisali, wakarudi na shahada mkononi na hali njia ya kanisani wameisahau. Hapo huzuka watu wa namna mbili. Wa kwanza husema kwamba elimu nyingi huua imani, basi heri mtoto asiende mbali nayo. Wa pili husema kwamba imani na elimu hazijuani: sala ibaki kanisani, na sayansi ibaki darasani.

Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Tena hatupendi kuwajibu kwa maneno matupu. Twaona ni afadhali kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye swali hili lilimshika tangu ujana mpaka uzee, likamletea heshima na machozi: John Henry Newman, Kardinali wa Kanisa Takatifu.

Utoto na ujana

Newman alizaliwa mjini London tarehe 21 Februari 1801, akiwa kifungua mimba wa watoto sita. Baba yake alikuwa mwenye benki, na mama yake alitoka katika ukoo wa Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbilia Uingereza. Walikuwa Waanglikana, watu wa kusoma Biblia, lakini si watu wa dini kali. Mtoto alipotimiza miaka saba alipelekwa shule ya bweni huko Ealing, na mara akaonekana kuwa na akili kuliko wenzake. Alipokuwa na miaka 14 alikuwa amekwisha kuvisoma vitabu vya watu waliobeza dini, na hoja zao zilimvutia.

Mwaka 1816, baada ya vita vya Napoleon, biashara ilidorora na benki ya baba yake ikafunga milango. Jamaa ilihama, baba akaenda kusimamia kiwanda cha pombe, na kijana akaachwa shuleni wakati wa likizo, mgonjwa na mpweke. Mwalimu mmoja, mchungaji Walter Mayers, akampa vitabu vya dini. Katika miezi hiyo Newman aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mungu yuko, na kwamba kila roho itasimama mbele yake. Imani hiyo hakuiacha tena. Na wasomaji waangalie vema: haikuwa imani ya mtu asiyejua wapinzani husema nini. Alikuwa amewasikia kwanza.

Mwaka 1817 alianza masomo katika chuo cha Trinity, Oxford. Alisoma kupita kiasi, akaingia katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1820 akiwa amechoka kabisa, na matokeo yakawa ya aibu: jina lake likakutwa miongoni mwa waliofaulu kwa daraja la chini. Mwaka uliofuata baba yake alitangazwa kuwa amefilisika. Mwingine angekata tamaa. Yeye akajipa moyo, akaingia katika mashindano ya kutafuta nafasi ya ualimu katika chuo cha Oriel, ambacho siku zile kilikuwa na wasomi hodari kuliko vyuo vyote vya Oxford. Tarehe 12 Aprili 1822 akachaguliwa. Mwaka 1825 alipata upadre wa Kianglikana.

Mwalimu ni mchungaji

Hapa ndipo penye hatari ya kwanza katika maisha yake, na twapenda vijana wetu waliomo vyuoni waitafakari. Katika Oriel, Newman alikuwa katikati ya watu wenye akili kali, waliopenda kuhoji kila kitu. Naye alianza kidogo kidogo kupenda sifa za akili kuliko wema wa roho. Hakuacha sala, wala hakutenda aibu yoyote. Ila moyo wake ulikuwa unahama bila yeye kutambua. Mwishoni mwa mwaka 1827 akaugua kwa kazi nyingi, na mwezi wa Januari 1828 mdogo wake Mary, msichana wa miaka 19 aliyempenda sana, akafa ghafula. Misiba hiyo miwili ilimwamsha. Tangu hapo alijua kwa nafsi yake mwenyewe kwamba chuo kinaweza kumharibu mtu pasipo kumfundisha neno moja baya, kwa kumzoesha tu kujiona.

Mwaka huohuo wa 1828 alifanywa paroko wa kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo ndilo kanisa la Chuo Kikuu cha Oxford. Mahubiri yake ya Jumapili yalikusanya vijana wengi, ingawa aliyasoma kutoka katika karatasi, kwa sauti ya chini, bila kutikisa mikono.

Wakati uleule alikuwa mwalimu mlezi wa wanafunzi katika Oriel, na hapo akagombana na mkuu wake, Edward Hawkins. Desturi ilikuwa mwalimu kufundisha somo lake na kwenda zake. Mambo ya mwenendo yaliachiwa wasimamizi wa nidhamu. Newman alikataa. Aliona kwamba mwalimu amekabidhiwa kijana mzima, akili yake pamoja na roho yake, na ya kwamba kufundisha ni sehemu ya uchungaji. Akataka kila mwalimu awe na wanafunzi wake anaowajua kwa jina, anaokula nao na kutembea nao. Mkuu hakutaka, na kuanzia mwaka 1830 akaacha kumpelekea wanafunzi wapya. Hivyo Newman akanyang'anywa kazi aliyoipenda, si kwa uvivu, bali kwa sababu aliifanya kuliko alivyotakiwa.

Njia ya kuelekea Kanisa

Kwa kuwa sasa alikuwa na nafasi, mwezi wa Desemba 1832 alisafiri na rafiki yake Hurrell Froude kwenda nchi za Bahari ya Kati. Huko Sisilia alishikwa na homa iliyokaribia kumwua. Alipopona, akiwa ndani ya meli iliyosimama baharini kwa kukosa upepo, alitunga utenzi mfupi wa kumwomba Mungu amwongoze gizani, ambao Wakristo wa madhehebu mengi wameuimba mpaka leo. Alirudi Uingereza Julai 1833, na pamoja na John Keble, Edward Pusey na wengine wakaanza harakati ya Oxford. Nia yao ilikuwa kulirudisha Kanisa la Uingereza katika mafundisho ya Mababa wa kale, na kuikinga dini isitawaliwe na serikali.

Newman akawasoma Mababa: Atanasi, Augustino, Basili, Leo Mkuu. Kadiri alivyosoma ndivyo mashaka yalivyomwingia juu ya mahali aliposimama. Mwaka 1841 alitoa kijitabu kilichojaribu kuonyesha kwamba maungamo ya imani ya Kianglikana yaweza kusomwa kwa maana ya Kikatoliki. Maaskofu wake wakakilaani. Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Littlemore, karibu na Oxford, akakaa huko na vijana wachache katika sala, kufunga na masomo. Mwaka 1843 aliacha uparoko, na mwaka 1845 akaacha pia nafasi yake ya Oriel. Usiku wa mvua kubwa padre Dominic Barberi, Mpasionisti wa Italia, alifika Littlemore akiwa ameloa chepechepe. Newman akapiga magoti mbele yake. Tarehe 9 Oktoba 1845 akapokewa katika Kanisa Katoliki.

Gharama yake yapasa kutajwa. Siku zile Mkatoliki hakuweza kuwa mwanafunzi wa Oxford, sembuse mwalimu, kwa kuwa mwanafunzi alipaswa kutia sahihi maungamo ya Kianglikana kabla ya kuingia. Kwa hiyo aliyeingia Kanisa Katoliki aliagana na chuo, na marafiki, na mapato, na mara nyingi na ndugu zake pia. Dada yake Harriett hakupatana naye tena. Mwezi wa Februari 1846 Newman aliondoka Oxford, na hakukanyaga tena kwa miaka 32. Alikwenda Roma, akapewa upadre tarehe 30 Mei 1847, kisha akarudi Uingereza na kuanzisha shirika la Oratorio la Mtakatifu Filipo Neri, katika mji wa viwanda wa Birmingham, kati ya wafanyakazi maskini, wengi wao wahamiaji kutoka Ayalandi.

Mwito wa Ayalandi

Sasa twafikia kiini cha habari yetu. Nchi ya Ayalandi ilikuwa chini ya Uingereza. Watu wake wengi walikuwa Wakatoliki na maskini, nao kwa karne nyingi walikuwa wamezuiwa na sheria wasipate elimu. Chuo kikuu kilikuwa kimoja tu, Trinity cha Dublin, nacho kilikuwa cha Waanglikana. Mwaka 1845 serikali iliamua kujenga vyuo vitatu vipya, katika miji ya Belfast, Cork na Galway, na ili kuepuka ugomvi wa madhehebu ikaagiza kwamba dini isifundishwe humo kwa fedha za serikali.

Wako Wakatoliki walioona kwamba ni afadhali nusu mkate kuliko njaa. Lakini Roma iliwaonya maaskofu wasishiriki katika vyuo hivyo, na mtaguso wa maaskofu uliofanyika Thurles mwaka 1850 ukavikataa, ukakubali kujenga chuo kikuu cha Kikatoliki. Tukumbuke ilikuwa saa gani. Njaa kubwa ya miaka ya 1845 hadi 1849 ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wamekimbia nchi. Ni watu hao, waliobaki hai baada ya njaa, walioombwa kutoa senti zao mlangoni mwa kanisa ili kujenga chuo kikuu. Nao wakatoa.

Askofu Mkuu Paul Cullen alimwomba Newman awe mkuu wa chuo hicho. Newman alikubali, na mwezi wa Mei 1852 akaanza kutoa mihadhara mjini Dublin juu ya maana ya elimu ya chuo kikuu. Hakuwa na raha alipofanya hivyo. Alikuwa ameshtakiwa London na Giacinto Achilli, mtu aliyeacha utawa na kuzunguka akilitukana Kanisa, ambaye Newman alimfichulia hadharani mwenendo wake. Mwezi wa Juni 1852 baraza likamwona Newman ana hatia. Baadaye akatozwa faini ya paundi 100, na gharama za kesi zikapita paundi 10,000. Wakatoliki wa nchi nyingi walichanga wakalipa yote. Kwa hiyo kitabu ambacho watu huhesabu kuwa kikubwa kuliko vyote juu ya chuo kikuu kiliandikwa na mtu aliyekuwa akingoja kufungwa. Naye akakitoa kwa heshima ya hao waliomchangia.

Alifundisha nini

Mafundisho yake ya Dublin twaweza kuyafupisha katika mambo matatu.

La kwanza: chuo kikuu, kama jina lake linavyoonyesha, ni mahali pa kufundishia elimu zote. Basi kama Mungu yuko, na kama kwa kweli amejifunua kwa wanadamu, habari zake ni elimu, tena elimu iliyo kubwa kuliko nyingine. Chuo kinachoitoa teolojia mlangoni hakiwezi kudai kwamba kinafundisha yote. Wala nafasi yake haibaki tupu. Shamba lililoachwa na mwenyewe halikai hivyo. Majirani husogeza mipaka. Ndivyo ilivyo kwa elimu: teolojia ikiondolewa, mwanauchumi atakuja kutuambia jema na baya ni nini, na mganga atakuja kutuambia kama mtu ana roho, na kila mmoja atasema kwa uhakika katika jambo lisilo la somo lake. Newman hakuzikemea elimu hizo. Alisema tu kwamba kila elimu ni ya kweli ndani ya mipaka yake, na huwa ya uongo inapotaka kuwa yote. Na sheria hiyo aliiweka juu ya wanateolojia pia: wasimwingilie mwanasayansi katika kazi yake, bali wamwache atafute kwa uhuru, hata akikosea njiani, kwani ukweli mmoja hauwezi kupigana na ukweli mwingine.

La pili: elimu ina wema wake yenyewe. Watu wengi zamani zile, kama leo, waliuliza neno moja tu: masomo haya yataleta mshahara gani? Newman hakudharau kazi. Chuo chake kilifundisha uganga na uhandisi. Lakini aliona kwamba chuo kikuu kina kazi ya kuikomaza akili ya mtu: ajue kupima, kulinganisha, kusikiliza asiyekubaliana naye, kuona jinsi jambo moja linavyoshikana na jingine, na kutosema upesi. Akili ya namna hiyo ni kama afya ya mwili. Mtu huitaka kwa kuwa ni njema, na baadaye huona kwamba inamfaa katika kila kazi.

La tatu ndilo linalotushangaza wengi, kwa kuwa linatoka kinywani mwa padre. Newman alisema wazi kwamba elimu peke yake haimfanyi mtu kuwa mwema. Humfanya awe mstaarabu, mwenye adabu na maneno laini, asiyependa kumwumiza mwingine. Lakini ustaarabu huo waweza kuwa juu ya moyo wenye kiburi, usiojua kutubu. Kuna wasomi wakubwa waliokuwa watakatifu, na wako wasomi wakubwa waliolichukia Kanisa, na wote walipita katika malezi ya akili yaleyale. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba shahada ni ubatizo wa pili. Tamaa na majivuno ya binadamu hayashindwi na maktaba. Yahitaji neema ya Mungu, sakramenti, na mfano wa watu wema walio karibu.

Kwa sababu hiyo Newman hakutosheka na kuweka somo la dini katika ratiba. Alitaka wanafunzi wakae katika nyumba ndogo, kila nyumba na msimamizi wake, mlezi wake na kikanisa chake. Nyumba moja akaishi yeye mwenyewe pamoja na vijana. Wala hakutaka kukigeuza chuo kuwa seminari: aliwaachia michezo na matembezi, kwani aliona ni heri kijana ajifunze kutumia uhuru akiwa bado karibu na walezi kuliko kuutupiwa wote siku moja. Na mwaka 1856, katika mahubiri ya kanisa jipya la chuo, alieleza shabaha yake kwa ufupi: dini na akili zisiwe na nyumba mbili, mtu akisali katika moja na kufikiri katika nyingine, bali mlei awe mtu wa ibada, na padre awe mtu wa elimu.

Kazi na mashaka

Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilifunguliwa tarehe 3 Novemba 1854, katika nyumba namba 86, St Stephen's Green, Dublin, na wanafunzi wapatao 20. Newman alikusanya walimu hodari, wengi wao walei. Mmoja wao, Eugene O'Curry, alifundisha historia na maandiko ya kale ya Ayalandi, mambo ambayo watawala waliyadharau. Mwaka 1855 ilifunguliwa shule ya uganga, na mwaka 1858 likaanza gazeti la sayansi na fasihi lililoitwa Atlantis.

Lakini mashaka yalikuwa mengi. Serikali haikutoa hati ya kuruhusu chuo kutoa digrii, na mzazi gani atalipia miaka ya masomo yasiyo na cheti? Shule ya uganga tu ndiyo iliyostawi, kwa kuwa wanafunzi wake waliweza kupata leseni kwa mitihani ya vyama vya waganga. Wenye mali wa Ayalandi hawakuwaleta watoto wao kwa wingi kama ilivyotumainiwa. Maaskofu wenyewe hawakuwa na nia moja. Askofu Mkuu John MacHale wa Tuam alipinga tangu mwanzo jinsi mambo yalivyoendeshwa. Naye Cullen, aliyemwita, alishika mamlaka yote mkononi mwake. Aliona nidhamu ya wanafunzi ni legevu, akapenda mapadre kuliko walei katika kazi za chuo, wala hakukubali walei wasimamie hesabu za fedha ingawa fedha hizo zilitoka kwao. Barua za Newman zilikaa miezi bila majibu. Uaskofu uliokwisha kutangazwa kwamba atapewa, ili awe na nguvu kati ya maaskofu, haukuja, wala hakuelezwa kwa nini.

Kwa miaka saba alivuka bahari kati ya Birmingham na Dublin zaidi ya mara hamsini, akilitumikia shirika lake huku na chuo huku. Mwezi wa Novemba 1858 akajiuzulu.

Tunapaswa kusema kweli: kwa macho ya wanadamu kazi hiyo ilishindwa. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1883 Wajesuiti walikabidhiwa nyumba za St Stephen's Green, na humo akafundisha Kigiriki hadi kufa kwake padre na mshairi Gerard Manley Hopkins, ambaye Newman mwenyewe alikuwa amempokea katika Kanisa mwaka 1866. Sheria ya mwaka 1908 ikaleta Chuo Kikuu cha Taifa cha Ayalandi, na kutoka katika kazi ya Newman pamoja na shule yake ya uganga kikatokea chuo cha University College Dublin, ambacho leo ni kikubwa kuliko vyuo vyote vya nchi hiyo.

Uzee na heshima

Mwaka 1859 Newman alifungua shule ya wavulana karibu na Oratorio yake. Mwaka huohuo aliandika kwamba katika mambo ya imani yafaa kuangalia pia waumini walei wanaamini nini, akitoa mfano wa karne ya nne, ambapo watu wa kawaida waliushika Umungu wa Kristo wakati maaskofu wengi walipoyumba. Kwa maneno hayo alishtakiwa Roma, na kivuli cha mashaka kikamfuata miaka mingi. Alinunua ardhi Oxford mwaka 1864 ili kuanzisha nyumba ya Oratorio kwa ajili ya vijana Wakatoliki, kwa kuwa vyuo vya huko vilikuwa vimeanza kuwapokea. Lakini wakubwa, miongoni mwao Askofu Mkuu Manning, waliogopa kwamba vijana watapotea, na mwaka 1867 mpango ukafa. Chuo ambacho Manning alikianzisha mwaka 1874 badala yake hakikudumu. Mwaka 1895 Roma iliwaruhusu Wakatoliki kusoma Oxford na Cambridge, wakiwa na mapadre wa kuwalea, ndiyo shauri la Newman. Yeye alikuwa amekwisha kufariki.

Hakulipiza kisasi, wala hakuacha utii. Mwaka 1864 alieleza historia ya imani yake katika kitabu kilichomrudishia heshima mbele ya Waingereza wote, na mwaka 1870 akatoa kitabu juu ya jinsi akili ya mtu inavyofikia hakika ya imani. Chuo cha Trinity, kilichomwona akianguka mtihani, kilimheshimu na kumkaribisha tena Oxford mwaka 1878. Mwaka 1879 Papa Leo XIII akamfanya Kardinali. Alifariki Birmingham tarehe 11 Agosti 1890, akiwa na miaka 89, na maelfu ya watu walisimama kando ya njia jeneza lake lilipopita. Papa Benedikto XVI alimtangaza mwenye heri mwaka 2010, Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu mwaka 2019, na tarehe 1 Novemba 2025 Papa Leo XIV akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, na kumweka pamoja na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kuwa msimamizi wa kazi ya malezi katika Kanisa.

Neno kwa jamaa zetu

Wasomaji wapenzi, maisha haya yanatuhusu. Maaskofu wa nchi yetu walianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Mwanza mwaka 1998, na majirani zetu wa Kenya na Uganda wana vyuo vikuu vya Kikatoliki pia. Tuvishukuru vyuo hivyo, lakini pia tuvidai. Msalaba juu ya lango ni mzuri, hautoshi. Twauliza pamoja na Newman: je, teolojia inafundishwa humo kama elimu ya kweli, yenye kuhojiwa na kujibiwa, au ni kipindi cha kusinzia? Mwalimu anawajua wanafunzi wake? Je, uganga, sheria na hesabu zinafundishwa kwa ubora ule ambao hata asiye Mkristo ataukubali? Kwani chuo dhaifu hakiponyi imani ya mtu, huiaibisha.

Tena vijana wetu wengi wako katika vyuo vya serikali, ambako dini haina kiti katika baraza la masomo. Hao tusiwalilie kana kwamba wamekwisha kupotea. Newman aliamini kwamba dawa ya kijana wa chuo si kumfungia mlango wa elimu, bali kumpa padre wa kumlea, wenzake wa kusali nao, na imani iliyokua sawasawa na masomo yake. Mtu anayejua sheria za nchi kwa kina cha shahada, na Amri za Mungu kwa kina cha mafundisho ya Komunyo ya kwanza, ana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, tusishangae akianguka.

Basi mzazi anayemsindikiza mtoto chuoni asiulize habari za ada na bweni tu. Amwulize kanisa liko wapi, padre wa wanafunzi ni nani, naye amwandikie. Parokia isiyasahau majina ya vijana wake walio mbali. Na mwenye mali akumbuke wale maskini wa Ayalandi, waliotoka katika njaa wakatoa senti zao kwa ajili ya chuo ambacho wengi wao hawakuingia kamwe. Hawakuona matunda, lakini wajukuu wao waliyaona.

Mtakatifu John Henry Newman, msimamizi wa malezi, awaombee vijana wetu wote walio vyuoni.